Taarifa ya Mwenyekiti Kuhusu Saa Janja ya Dada Pasi

Mheshimiwa fundi wa kola, waheshimiwa mafundi wa mapindo na zipu, mheshimiwa wifi uliyekalia kiti changu, mheshimiwa mteja uliyekuja kuchukua koti ukaambiwa usubiri kidogo, na wewe Dada Pasi, mpiga pasi wetu na mlengwa mkuu wa mradi huu: nasimama mbele yenu nikiwa Mwenyekiti, Katibu na mjumbe pekee wa Kamati ya Kuchagua Saa Janja ya Bei Nafuu, na pia, kama kuna asiyejua, mama mzazi wa muuguzi. (Sauti: "Tunajua! Umetuambia tangu asubuhi!")

Asanteni. Miezi mitatu iliyopita binti yangu, niliyemzaa mwenyewe bila kuunda kamati, alimpima Dada Pasi presha akamwambia, "Shangazi, usipotembea kila siku, hii itakulaza." Dada Pasi akajibu, nanukuu, "Sitembei bila saa ya kunihesabia hatua, mimi siyo mbuzi wa kuzurura." (Kicheko. Dada Pasi: "Nilisema ng'ombe!") Marekebisho yamepokelewa.

Ndipo ofisi yangu ilipoanzisha mchakato shirikishi wa upembuzi yakinifu wenye vigezo vya kimataifa, yaani chaji ikae wiki nzima, kwa sababu soketi yetu ni moja na pasi ni mbili; isiogope mvuke; isomeke juani bila miwani; na ielewane na simu tuliyonayo, siyo ile ya kwenye tangazo. Saa ya kwanza ilikuwa nzuri mno, ila ilitaka chaji kila jioni kama kichanga kinachodai ziwa. Ya pili iliikataa simu yangu hadharani, mbele ya muuzaji! Ya tatu niliazimwa na binti yangu kwa majaribio, nikashona mashuka kutwa nzima huku nikizungusha gurudumu la cherehani kwa mkono, na jioni ikanipongeza kwa hatua elfu nane, na mimi hata chooni sijaenda. (Vifijo. Wifi: "Bingwa wa kukaa!")

Licha ya changamoto hizo, ndugu wadau, ofisi yangu haikulala. Kila asubuhi nimezunguka soko na Dada Pasi, saa ya mradi ikiwa salama ndani ya mkono wa gauni langu, na kila tukirudi nimemsomea data: siku ya kwanza hatua elfu mbili, jana elfu saba mia moja na kumi na tisa. Na jana hiyohiyo binti yangu, mikono yake ina baraka jamani, amepima tena na presha imeshuka! (Vigelegele. Dada Pasi anacheza, pasi mkononi. Sauti: "Iweke chini, utatuunguza!")

(Dada Pasi: "Basi nikabidhi saa yangu!")

Eeh. Hapo ndipo nilipokuwa nakwepa kufika. Ndugu zangu, napandisha mkono wa gauni, na mnachokiona ni kipande cha utepe wa kupimia nguo, na juu yake kifungo kimoja kikubwa cha koti. (Dada Pasi: "Mwongo mkubwa wewe! Na ile mia moja na kumi na tisa?") Niliiongeza ili ionekane ya kitaalamu. (Kicheko. Fundi wa kola anaanguka kwenye mafurushi.) Lakini miguu, mwenzangu, miguu ilikuwa yako. Ungeanza bila saa? (Dada Pasi, baada ya kufikiri: "Nisingeanza. Kesho unipitie mapema, na usivae hiyo takataka.")

Presha! (Chini!) Miguu! (Juu!) Mama wa muuguzi! (Sauti moja, ya Mwenyekiti mwenyewe: "Juu zaidi!")

Nawashukuru kwa kuunga mkono mradi ambao haukuwahi kuwepo. Sasa nipeni mkasi na sindano, maana mheshimiwa mteja amekwisha kukitambua kifungo chake.