Vifuniko vya Rimu za Mwanangu, na Ombi la Kuchanganya Nembo za Mtaa Mzima

Mtaa wa Forsadi Tatu,
Margilon.

Waheshimiwa wazee wenye ndevu nyeupe, mliotangulia kuliona jua. Imamu wetu Sayfiddin, ambaye dua yake hufika kabla chai haijapoa. Mwenyekiti wa mtaa, Bibi Rayhon Yoqubova, mwenye mhuri na subira. Akina mama wa kamati ya harusi na misiba. Majirani ambao kuta zenu zinagusana na yangu. Na wewe Mzee Turdivoy, ambaye najua umekaa karibu na sinia la pilau kuliko cheo chako kinavyoruhusu:

Amani iwe juu yenu nyote. Ninaandika badala ya kusimama, kwa kuwa desturi yetu haimruhusu baba kumsifu mwanawe mbele ya watu walioshiba. Nimemwomba Imamu awasomee barua hii kwa sauti yake nzuri, bila kuruka neno na, akijaliwa, bila kucheka.

Kama mjuavyo, mwanangu Dilmurod amemposa Oygul, binti wa mfuma hariri wa mtaa wa ng'ambo ya mfereji. Wazazi wa binti wameridhika. Hata hivyo, katika nyumba ile neno la mwisho analo shangazi, Bibi Hosiyat, naye atalitoa Ijumaa hii. Akikubali, mkate utamegwa mbele ya pande zote mbili na jambo litakuwa limefungwa. Akikataa, nitabaki na kijana mzima, mwenye kazi na afya, anayeshusha pumzi kila apitapo mwanamke aliyevaa hariri. Na katika mji huu, waheshimiwa, hariri huvaliwa na kila mtu.

Kikwazo si tabia wala kazi wala ukoo. Kikwazo ni vile vifuniko vidogo vya mviringo vinavyoziba tundu la katikati ya rimu za gari lake. Naomba niyatoe malalamiko yangu kwa namba, ili yasigombanie mlango.

1. Namlalamikia, kwa heshima zote, Bibi Hosiyat mwenyewe. Alikuja mtaani kwetu kuuliza habari za kijana, kama ilivyo haki yake. Alianza kwa Basorat muuza mikate, kama afanyavyo kila mwenye akili, maana hakuna lisilosemwa mbele ya tanuri. Basorat akamwambia: "Dada yangu, huyu kijana akija kununua mkate huchukua ulio juu, habonyezi-bonyezi ya chini. Sasa unataka nini zaidi?" Nyumba ngapi katika mji huu zimejengwa juu ya ushahidi mwepesi kuliko huo! Lakini Bibi Hosiyat alipofika langoni petu akaliona gari. Akakusanya pindo la gauni lake, akachuchumaa, na kwa mwendo uleule wa kuchuchumaa akalizunguka gurudumu hadi gurudumu, kama mganga wa ng'ombe. Kisha akasimama, akatamka kwa sauti isiyohitaji simu:

"Ee! Gari hili mama mmoja, baba wanne! Hili la nyota, hili la simba, hili la pete. Na hili lenye upara je? Huyu baba yake hata hajulikani!"

Sikatai ukweli wa macho yake. Vifuniko vya asili vilizeeka kama tunavyozeeka sote. Jua la chila, yale majuma ya katikati ya kiangazi yasiyomhurumia mtu wala plastiki, lilivichubua rangi. Brashi ya waosha magari ikakwangua nembo. Kimoja kikaruka kwenye mashimo ya barabara ya Fargona, kikafuata maisha yake. Dilmurod akawa anaziba kila pengo kwa kilichopatikana, ili tope lisiingie kwenye nati. Kile chenye upara ndicho cha asili, mwaminifu wa mwisho, na ndicho kilichotukanwa zaidi. Mimi nauliza tu: tangu lini gurudumu likaulizwa nasaba?

2. Namlalamikia Mzee Turdivoy. Jirani akiulizwa juu ya posa, kazi yake ni kusifu. Ukweli una siku zake nyingine. Bibi Hosiyat alimuuliza kwa upole: "Baba, mbona magurudumu ya huyu kijana hayafanani?" Palikuwa na majibu mia ya heshima. Yeye akajibu: "Aa, binti yangu, huyo kijana hachagui. Chochote kinachoingia, anabandika." Mzee Turdivoy anaapa kwamba alikusudia kusifu unyenyekevu. Bibi Hosiyat hakusikia unyenyekevu.

3. Nalilalamikia soko la vipuri. Nilikwenda mwenyewe, mwalimu mstaafu wa hesabu, nikiwa na kifuniko chenye upara mfukoni kama kielelezo. "Mwalimu," akasema muuzaji, "vya nyota ninavyo vinne, vizuri mno, lakini meno yake hayashiki kwenye tundu lako." Nikasema, basi nipe vinavyoshika. "Vinavyoshika vina nembo ya trekta." Nikafikiri sana juu ya trekta. Mwishowe nikanunua nembo za kubandika, nne, zote sawa, zinazong'aa kiasi cha mtu kunyolea ndevu. Dilmurod akasafisha kila kifuniko kwa spiriti, akabandika, akabonyeza kwa kidole gumba huku akisoma Bismillahi. Lilipendeza gari lile! Nikamwalika baba yake Oygul aje kunywa chai, na asubuhi nzima nikawa nayasogeza makochi ili akae akitazama rimu. Alipofika, chila ilikuwa imeshalainisha gundi. Nembo zilikuwa zimeteleza mpaka ukingoni, zinaning'inia kama mayai ya kukaanga yanayokimbia sahani. Moja ilikuwa imeangukia mfereji wa barazani, na bata wa Basorat alikuwa anaondoka nayo mdomoni. Mgeni wangu, mtu mstaarabu, alisifu bata.

4. Nalalamikia kusimama. Nawasihi mnifuate hapa polepole, maana ndiyo nguzo ya hoja yangu. Gurudumu likiwa mwendoni, nembo haionekani na kiumbe yeyote. Nyota, simba, pete na upara huwa duara moja la fedha, sawa mbele ya Mungu na mbele ya shangazi. Kwa hiyo aibu haimo katika kifuniko, imo katika kuegesha. Nilipoligundua hilo nilishindwa kulala kwa furaha. Bibi Hosiyat alipokuja mara ya pili, Jumanne, nikamwamuru Dilmurod asisimame. Mtoto mtiifu yule akauzunguka mtaa bila kukoma, na kila apitapo langoni akateremsha kioo, akatoa heshima zake kwa awamu. Mzunguko wa kwanza: "Assalamu alaykum, Shangazi..." Wa pili: "...hamjambo nyumbani..." Wa tatu: "...na baba anaendeleaje na mgongo?" Bibi Hosiyat, ambaye alikuwa amefungua kinywa kujibu tangu mzunguko wa kwanza, alimgeukia mke wangu Muhayyo, akasema: "Mama, huyu mtoto ana breki?" Na Muhayyo, ambaye hajawahi kusema uongo hata palipohitajika, akajibu: "Anazo, dada. Ni baba yake tu hajamruhusu."

Hapo ndipo gesi ya gari ilipokwisha, kwa kuwa magari yetu hunywa gesi badala ya petroli, na foleni ya kuijaza mnaijua. Gari likapunguza mwendo taratibu, kwa adabu kubwa, likasimama mbele ya miguu ya Bibi Hosiyat, gurudumu la upara likiwa mbele kabisa.

Lalamiko la tano lilihusu nasaba ya Bibi Hosiyat. Mke wangu amelifuta.

Sasa, waheshimiwa, tufikiri kama watu waliosoma. Nimeshindwa kuvifananisha vifuniko vya mwanangu na vya watu. Iliyobaki ni njia moja tu, nayo ni kuvifananisha vya watu na vya mwanangu. Desturi ni nini, kama si kosa lililofanywa na watu wengi kwa pamoja bila kuona haya? Mtu mmoja akivaa kofia nje-ndani ni kichekesho. Mtaa mzima ukiivaa hivyo, wageni watatoka mbali kuja kuipiga picha. Bibi Hosiyat akiingia Ijumaa akakuta kila gari la Forsadi Tatu lina nembo nne zisizofanana, hatasema tena "baba wanne." Atamvuta Basorat pembeni na kunong'ona, "Dada, hii kwenu ina maana gani?" Na Basorat, ambaye nimekwisha kuzungumza naye, atajibu: "Ni ya tangu zamani. Ni alama ya ujirani. Kwenu hamna?"

Nani atathubutu kuikataa posa inayotoka katika mtaa wenye mila yake?

Kwa sababu hiyo, na kwa kuwa mtaa huu haujawahi kushindwa katika kazi ya pamoja, iwe ni kuzibua mfereji au kumjengea mjane paa, naomba baraza hili litangaze, na Mwenyekiti agonge mhuri, uamuzi ufuatao:

Kwamba Alhamisi baada ya sala ya alasiri kila mwenye gari atoke nalo mbele ya lango lake, akiwa na bisibisi bapa iliyozungushiwa kitambaa ili isikwaruze rimu. Abakize kifuniko kimoja, na vitatu abadilishane na majirani, mpaka pasiwe na gari lenye nembo mbili za aina moja. Kifuniko kisichoshika kwenye tundu la mwenziwe kishikizwe kwa gundi, na safari hii tusinunue ile niliyonunua mimi. Gari la Imamu lisibaguliwe, asije mtu akasema mila hii haina baraka. Gari la ofisi ya mtaa nalo liingie, nami nitaandika barua ya pili kueleza kwa nini. Wasio na magari wasijione wanyonge: kuna toroli, kuna vigari vya kusukumia watoto, na mkokoteni wa Basorat una magurudumu mawili ambayo hadi leo hayana nembo yoyote.

Atakayekataa, nasi tukutane naye siku binti yake atakapoposwa, majirani wakaulizwa habari zake.

Nawasilisha haya nikiwa na imani na hekima yenu. Wasalimieni wazee waliobaki nyumbani, wagonjwa, wanaonyonya, wakwe walio njiani na waliokwisha fika, na mpishi wa pilau ya leo, ingawa nasikia karoti zilikatwa nene.

Wenu katika ujirani na katika dhiki,

Ubaydullo Sottiyev,
Mwalimu wa hesabu, mstaafu.

Nyongeza: Namwomba Imamu asitue kunywa chai kabla ya kufika hapa, maana Mzee Turdivoy huanza kazi ya bisibisi kabla hotuba haijaisha. Nilikuwa nalamba bahasha wakati Oygul alipompigia simu mke wangu, naye Muhayyo akaiweka simu sikioni mwangu bila kunishauri. Binti alisema hivi, nami nayaandika alivyoyasema:

"Baba Mwalimu, nasikia mnataka kuchanganya vifuniko vya mtaa mzima. Msinifanyie hivyo! Mji huu kila gari ni jeupe, na yote ni aina moja. Nimesimama nje ya chuo baridi nzima nikitazama meupe yanapita, la Dilmurod ndilo pekee ninalolijua kutoka mbali, kwa sababu ya lile gurudumu lenye upara. Shangazi nilimwambia hivyo hivyo jana, akacheka mpaka skafu ikamwanguka. Amekwisha kubali, anaona haya tu kusema kabla ya Ijumaa. Nanyi mkiyafananisha yote, Baba, siku ya harusi nitatoka na shela usoni, nitaingia gari la Mzee Turdivoy, na mkewe atanitoa humo kwa ufagio!"

Uamuzi wa hapo juu umefutwa. Asiguse mtu gurudumu lake. Njooni Ijumaa muumege mkate.