Jengo B Lijengwe Upya

Profesa hakuwahi kufundisha popote. Jina alilipata kwa miwani, na kwa kutaja takwimu hata akiagiza chai. Siku moja aliingia kwenye ukumbi wa ofisi ya nyumba za umma kukwepa jua tu, akawasikia wakandarasi wawili wakilalamika: majengo yatakarabatiwa na mengine yatajengwa, lakini yapi na lini, hakuna anayejua. Profesa akatoka humo hana habari tena na jua: jibu hilo angewauzia yeye.

Kasoro ilikuwa moja. Alijua jengo moja tu, Jengo B, ambako kwa miaka minne alikuwa akilala bure kwenye kochi la shangazi yake, na jina lake mwenyewe halimo kwenye karatasi yoyote ya jengo, maana kuna watu wanamtafuta. Basi akapima ngazi kwa hatua, akahesabu nyufa, akakagua mabomba. Majengo mengine kumi na moja aliyazaa kutoka hilohilo, ufa ukiongezwa hapa, bomba likipunguzwa pale. Juu akaandika: Taarifa ya Soko, Ukarabati na Ujenzi Mpya.

Ilinunuliwa kama maji ya baridi. Mimi ninayesimulia ni fundi bomba, na siwezi kujifanya nilikuwa mbali: nilinunua nakala mbili, moja ya akiba. Ilikuwa na jedwali. Mtu akinichorea mistari iliyonyooka, akili yangu hulala fofofo.

Mwenye duka la saruji ndiye aliyeisukuma kando. "Ukarabati ni rangi na misumari, kaka. Mimi nauza saruji. Hakuna la kubomoa?"

"Lipo," Profesa akasema. "Nilikuwa namfichia mteja makini."

Akarudi nyumbani, akafuta "likarabatiwe", akaandika "libomolewe, lijengwe upya". Alichagua Jengo B kwa sababu ndilo aliloweza kulisema vibaya bila kufikiri. Alichapa nakala mbili, moja akaipeleka dukani, nyingine akaisahau mezani.

Mwezi haukuisha, ofisa wa nyumba akapiga hodi kwa shangazi, fomu mkononi. Jengo B linabomolewa, akasema, na wapangaji wanahamia nyumba mpya ng'ambo ya barabara. Profesa aliogopa mpaka miwani ikamteleza. Akauliza nani kaamua.

"Tuliletewa taarifa ya kitaalamu. Mhandisi wetu alikuja kuihakiki, nyufa zote zipo, hakukosa hata mmoja."

"Na kama aliyeiandika alibuni tu?"

"Tungependa sana kumwona. Kuna mafundi kumi na saba walionunua taarifa yake ya majengo mengine wakakuta ni uongo, wamekaa pale ofisini wanamngoja."

Mmoja wao alikuwa mimi, na nakala zangu zote mbili.

Ofisa alipoinama kuandika, shangazi alimvuta mtoto wa kaka yake pembeni, akamnong'oneza. "Miaka tisa nawaandikia barua kuhusu paa, hakuna anayesoma. Nikaona karatasi yako pale mezani, ina jedwali. Nikawapelekea mwenyewe."

"Shangazi, na mimi nitalala wapi?"

Ofisa alikuwa ameinua kichwa. Nyumba mpya, alieleza, inagawiwa kwa idadi ya watu, na kila mmoja lazima aandikishwe jina kamili na kitambulisho. "Hapa mnaishi wangapi, mama?"

Shangazi alimtazama Profesa, akampa muda wa kutosha kutaja jina lake. Profesa alitazama dirisha.

"Mmoja," shangazi akasema. "Huyu ni mgeni, anaondoka leo."