Njia Nane za Mwanga

Jumatatu, 4 Machi 2002
Barua pepe kutoka Uswidi! Profesa wangu wa zamani hajanisahau. Nimeisoma mara tatu pale intaneti kafe mjini Moshi. Anatafuta mchoro. Kipande cha kioo, kidogo kama ukucha, ndani yake njia nane za mwanga. Kompyuta inaamuru, swichi zinageuka, mwanga wa njia yoyote unatokea mlango wowote. Atakayechora vizuri kuliko wote ataalikwa maabarani kwake miezi sita. Ameandikia wanafunzi wote wa zamani. Hata mimi niliyekaa mwaka mmoja. (Hapa shuleni ninapofundisha wanajua nilirudi kwa sababu ya baridi. Wewe shajara unajua habari za ule mtihani.)

Masharti mawili tu. Njia zisikatane, maana zinapokatana mwanga huvuja. Kona zisiwe kali, maana kwenye kona kali mwanga haugeuki, unatoka nje na kupotea. Rahisi!

Jumatano, 6 Machi
Si rahisi. Karatasi kumi na moja zimekwenda jikoni kuwashia moto. Mchoro wangu bora una makutano kumi na tisa, kama tambi zilizomwagika. Basili, mwalimu wa Kiswahili ninayekaa naye nyumba moja, akauliza kama ni ramani ya mifereji ya kihambani, kwenye migomba yetu. Nikamwambia arudi kwenye ngeli zake.

Ijumaa, 8 Machi
Mwalimu Aikande wa sayansi kimu aliniletea supu ya mtori ofisini. Akaona karatasi. Nikamweleza, polepole, kama anavyoelezwa mtu wa sayansi kimu. Akachukua penseli.

"Mbona unazirusha juu ya vichwa vya wenzao?" akasema. "Mimi nikipanga kwaya kwa urefu, kila mtu anabadilishana nafasi na jirani yake tu. Hatua kwa hatua, mpaka afike."

Dakika kumi. Swichi ishirini na nane, kila moja kati ya majirani wawili. Makutano: hakuna! Nikasema si mbaya. Akacheka. Kwa kicheko kile ningepanda mlima peku. Tangu Krismasi nawaza kumposa. Yeye Mlutheri, mimi Mkatoliki, mama bado hajaambiwa.

Jumapili, 10 Machi
Sikwenda misa. Nimechora upya mchoro wa Aikande kwa wino. Chini nikaanza kuandika majina mawili, nikaona nafasi ni ndogo. Nikapima kwa rula. Yangetosha majina manne. Nikaandika langu.

Lakini mimi si mwizi. Ili mchoro uwe wangu kwa haki, nimeongeza kitu: milango yote minane nimeigeuza itokee upande mmoja, kwa kona za mraba, safi kama fremu ya picha. Unapendeza kuliko wake.

Jumatatu, 11 Machi
Mchoro umekwenda Uswidi! Nakala moja nimempa mkuu wa shule, kwa taarifa tu. Sikumwambia aibandike. Nilimwachia pini nne.

Alhamisi, 14 Machi
Kaibandika. Asubuhi paredi nzima ilinipigia makofi. Baadaye nikamkuta Aikande mbele ya ubao wa matangazo, kasimama muda mrefu.

"Mwalimu Melkior," akasema, "jina lako umeliandika vizuri."

Saa ya chai alikaa meza nyingine. Alipotoka, mvua ikaanza. Nilitaka kumkimbilia nimwambie nitaandika upya, kwa majina yote mawili. Kweli nilitaka. Nilikuwa nimevaa viatu vipya. Basili akamfuata na mwavuli.

Jumatano, 20 Machi
Jibu la Profesa. Katikati ya mchoro, anasema, ni kazi nzuri kuliko zote alizopokea. Lakini kona zile za mwisho zinamwaga mwanga wote. Haamini kwamba mkono uliochora katikati ndio uliochora kona. Kama tuko wawili, nimtaje mwenzangu. Ataalika wote.

Wote wawili! Aikande na mimi kwenye theluji, miezi sita! Jina lake ni herufi saba tu.

Nikaandika kwamba katikati ni mimi, na kona ni makosa ya mchapaji. Nikabonyeza. Kabla sijainuka likaja swali: kwa nini swichi ishirini na nane, si pungufu? Nikajibu kuwa ishirini na nane ni namba nzuri. Akanishukuru kwa adabu. Nafasi kampa mwingine.

Nimerudi kwa miguu kutoka barabara kuu. Sikusalimia hata wazee. Nimewanyima shikamoo zao.

Jumamosi, 23 Machi
Aikande amehama. Aliomba mwenyewe, amepata shule mjini Mkuu, Rombo. Nilishika upande mmoja wa sanduku lake, Basili upande wa pili. Alipokwisha panda gari akainama dirishani, akaniuliza kama Uswidi wamejibu.

Hapo ndipo ilipokuwa nafasi yangu. Ningesema: wamekusifu wewe.

Nikasema bado.

Akaendelea kuniangalia kidogo, kama mtu anayesubiri chenji yake. Kisha gari likaondoka. Jioni sikula. Meza ile ile, penseli yake bado ipo. Nimechora njia nane mara nyingi leo, nami najua ni nani aliyeumwaga mwanga wake.

Jumatano ya Juma Kuu, 27 Machi
Nimeungama. Padri akasema mwenye kuombwa radhi ni Aikande, si yeye. Sawa! Kuanzia leo mimi ni mtu mwingine. Ukweli mtupu.

Nilikaa kuandika barua. Saa mbili nzima, sikuvuka "Mpendwa Mwalimu". Basili akanihurumia, akatunga yeye. Barua gani hiyo! Alipofika pale pa "tangu uondoke, ofisi ina viti vingi mno", sauti yake ilikatika, akatoka nje kupiga chafya. Sikujua Kiswahili kinaweza kufanya hivyo.

Nimeinakili kwa mwandiko wangu. Nimetia sahihi. Basili amejitolea kuipeleka mwenyewe Mkuu, Jumatatu ya Pasaka. Amenyoa ndevu, amenyoosha suruali. Mtu mwema kabisa! Nimemwomba jambo moja tu, asiseme nani aliyetunga. Aikande akiniuliza, nitamwambia maneno yalinijia tu.