Kilometa Kumi na Moja Nukta Mbili

Jumatatu, 3 Machi
Barua imekuja na boti. Makao makuu, kwa hekima yao isiyo na mwisho, wameamua: kisiwa chenye kilometa za mraba kumi na zaidi kitabaki na ofisi yake ya maendeleo. Kisichofika kitawekwa chini ya kisiwa jirani. Na mkuu wa huko ni nani? Shemeji! Kaka wa mke wangu, mwenye barabara mbili za lami na hamalizi salamu bila kuzitaja. Nikiipoteza ofisi hii, nitakuwa karani wake. Afadhali nile mchanga.

Ramani inasema sisi ni kilometa sita. Ramani yenyewe kuukuu.

Jumatano, 5 Machi
Wazo! Bahari ikipwa, mchanga hutokeza hadi kwenye mwamba, nusu kilometa kila upande. Mchanga ni ardhi. Nimeukanyaga, nimethibitisha. Nimepima asubuhi nzima kwa kamba ya kuanikia nguo. Mwalimu wa jiografia akanikuta, akauliza napima nini. Nikamjibu, maendeleo. Akasema maendeleo hayo yatafunikwa na maji alasiri. Amezoea kukatisha watoto tamaa.

Nilipigilia vigingi kumi na viwili. Kaa wamefukua vitano. Hata wanyama wa hapa hawapendi maendeleo. Jumla: kilometa 11.2. Nimegonga muhuri mara mbili ili iwe kweli zaidi.

Jumatano, 12 Machi
Wakaguzi wanakuja Ijumaa kuhakiki. Hawaniamini! Inauma. Lakini mimi si mtoto wa jana. Nimesoma jedwali la maji lililobandikwa ukutani shuleni: Ijumaa, saa nne asubuhi, bahari itakuwa imepwa kabisa. Nimewajibu wafike saa nne kamili. Mwalimu akaguna, akauliza kama nimefikiria boti. Nikamwambia wenye boti watajifikiria wenyewe. Wivu huo!

Nimesimamisha mabango mchangani: SOKO KUU. ZAHANATI. Na magoli mawili, vijana wasije wakasema wametengwa.

Ijumaa, 14 Machi
Saa nne. Bahari imekimbia, mchanga unang'aa, mimi na tai yangu katikati ya Soko Kuu. Boti ikatokea. Ikakaribia. Ikasimama nje ya mwamba.

Haikuweza kupita! Maji yakipwa, mwamba wote uko nje, na kila boti husubiri yajae ndipo iingie. Imekuwa hivyo tangu enzi za babu. Nimezaliwa hapa. Nina miaka arobaini na sita hapa. Na hakuna hata mmoja aliyeona umuhimu wa kunikumbusha!

Wamesubiri saa tano juani, boti ikiyumba. Mkaguzi mkuu, mama mmoja wa buti mpya, ametapika mara mbili. Nimeona kwa darubini. Nikawa nawapungia mkono wajisikie wamekaribishwa. Maji yakafika magotini, yakafika kiunoni. Nikaondoka Soko Kuu kwa heshima zote, tai mdomoni.

Saa tisa wakaingia. Boti ya nani? Ya Shemeji. Na yeye mwenyewe ndani yake, kashika usukani, meno yote nje. Mama Mkaguzi akaomba aonyeshwe zahanati. Nikamwonyesha kwa kidole, kule baharini. Bango tu lilikuwa limebaki juu, na ndege membe kalikalia. Kasa mmoja akaingia golini taratibu, bila hata kipa. Mama akasema tangu asubuhi ameitazama nchi kavu ikizama mbele ya macho yake; je, hiki ni kisiwa au nyambizi? Shemeji akacheka mpaka akakaa chini. Nikaeleza kwamba maendeleo yetu huja kwa awamu. Hilo Mama hakuliandika.

Jumatatu, 17 Machi
Kilometa sita. Ofisi imefungwa. Shemeji amekuja mwenyewe kuchukua muhuri. Miaka kumi na tisa nimekuwa nao. Kabla ya kumkabidhi niliufuta kwa tai, na nilijua ameniona. Kwa mara ya kwanza hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma kuliko kicheko. Kisha akanipa kazi yangu ya kwanza ya ukarani: kung'oa mabango.

Mke wangu akasema pole, mume wangu. Halafu akaulizia kamba yake.

Jumatano, 19 Machi
Tumaini! Nimeisoma tena ile barua, safari hii mpaka mwisho. Kisiwa chenye mnyama asiyepatikana popote duniani hurudishiwa ofisi, hata kiwe kidogo namna gani. Mama mkwe ana mbuzi mweupe. Nimemchora milia minane ya bluu kwa rangi ya maji. Nani amewahi kuona mbuzi wa milia ya bluu? Yuko mmoja tu! Nimewaandikia wakaguzi waje katikati ya Aprili. Mke wangu anasema huo ni msimu wa mvua kubwa. Kwao wote ni wataalamu.

Barua nimeshaituma. Mbuzi naye ameshaanza kujilamba.