Mnanaa Juu ya Nyumba ya Chumvi

Jumanne, 4 Novemba. Siwa, jangwani Misri.
Nimekwisha! Binamu yangu Omrani kajaza wageni hoteli yake ya saruji. Mimi nina nyumba ya marehemu baba, kuta za mabonge ya chumvi na udongo, vyumba vitupu. Mke wangu Zahwa kasema nisipopata wageni msimu huu, nyumba tumuuzie Omrani, na yeye mke wangu arudi kwao. Hatanii.

Jumatano, 5 Novemba.
Mungu mkubwa! Bibi Shirini wa Kairo ameandika. Yeye na mumewe hawapandi ndege, hawali nyama, wanataka likizo isiyochafua dunia. Kauliza kama nalima mboga. Nimejibu bustani iko juu ya paa. Sasa niitafute hiyo bustani.

Alhamisi, 6 Novemba.
Nimepandisha udongo, nimepanda mnanaa. Zahwa kaniuliza kama baba aliwahi kumwaga hata kikombe cha maji juu ya paa lile. Nikamwambia asinikatishe tamaa. Omrani akapita chini, akaniita: “Mwagilia vizuri, mtoto wa ami, usikauke!” Sikujua ana roho nzuri hivyo.

Jumamosi, 8 Novemba.
Wamefika kwa basi, miguu imewavimba. Shirini kagusa ukuta, machozi yakamlenga. Eti nyumba haina saruji hata chembe! Wanataka kukaa mwezi mzima, na rafiki zao waje. Zahwa kanitabasamia, mara ya kwanza tangu Ramadhani. Kwa furaha nikamwagilia tena.

Jumapili, 9 Novemba.
Aibu gani hii! Tukiwa kwenye chai ya asubuhi, dari likaanza kudondosha uji wa chumvi kwenye zeituni. Shirini akasema ajabu, nyumba inapumua. Tulipotoka kuangalia, paa lote likaingia chumbani, mnanaa juu. Wamehamia kwa Omrani. Kwenye kiyoyozi! Mume ndiye aliyetangulia na mabegi. Zahwa alifunga nguo zake akaondoka. Nimelia hadi kwikwi.

Jumatatu, 10 Novemba.
Nimeshinda nimekaa kwenye tope la chumba cha baba. Nyumba haina mtu. Nitamwambia nini Zahwa? Halafu nikaangalia mikono yangu. Laini! Imekuwa ya mtoto mchanga! Watu wa Kairo wangelipia tope hili kwa ajili ya ngozi. Asili tupu! Zahwa atarudi mwenyewe. Tatizo, tope halitoshi msimu. Lakini jiko bado limesimama, na chumba chetu cha kulala pia. Nimeshafungulia maji.