Povu la Wamaya

Jumatatu, 4 Agosti

Leo mwalimu Godwin ametuanzishia Wamaya. Watu wa kale wa Amerika ya Kati. Ameagiza kila mmoja awe na daftari la tafakuri, aandike alichojifunza na kilivyomgusa. Hatasoma ndani, ataangalia tarehe tu. Basi nitaandika yote. Nina miaka arobaini na nane na sina wa kumweleza. Eliud, mume wangu, ananisikiliza kwa sikio moja. La pili liko kwenye redio.

Darasa letu la watu wazima lina watu kumi na mmoja. Tunasomea chumba cha shule ya Jumapili, kanisani kwetu hapa Ipinda. Ufunguo anao Mzee Ambwene, mwenyekiti wa wazee wa kanisa. Mimi pia ni mzee wa kanisa, mwanamke peke yangu kwenye benchi lile. Nasema hivyo si kwa majivuno. Kisa anajua.

Kisa ni jirani yangu. Anakaa dawati la mbele. Alifika kidato cha pili, na tangu mwaka huo hatujapumzika kusikia.

Yaliyonigusa leo. Wamaya walikuwa na alama ya sifuri kabla ya mataifa mengi makubwa. Mimi darasa la sita nilizipata nyingi na baba akaniachisha shule kwa ajili hiyo. Kumbe ni hazina. Halafu, malkia wao alipitisha kamba yenye miiba kwenye ulimi wake mbele ya miungu yao. Nikajikuta namtazama Kisa. Mungu anisamehe.

Kubwa kuliko yote, kakao. Hii hii yetu. Walikaanga mbegu, wakasaga, wakatia maji na pilipili, wakawa wanamimina kutoka juu, chombo hadi chombo, mpaka povu lisimame. Povu ndiyo heshima yenyewe. Na kila bwana mkubwa alikuwa na kikombe chake cha udongo kilichoandikwa: kikombe cha fulani, cha kakao.

Mwalimu akauliza nani hapa amewahi kunywa kakao aliyoilima mwenyewe. Hakuna aliyeinua mkono. Hata Kisa. Mimi nalima mwaka wa ishirini na sita. Nimevuna, nimepasua, nimevundika, nimeanika, nimepeleka ghalani. Sijaonja hata kijiko. Nimerudi nyumbani sikai, sisimami.

Jumapili ni Sikukuu ya Mavuno. Kila mwaka Kisa huleta mchele kwenye ungo wenye maua, na Mchungaji humtaja mara tatu. Mwaka huu hapana.

Jumanne, 5 Agosti

Nimempata Diana sokoni. Ni mfinyanzi, Mkisi wa ufukweni mwa ziwa, na vyungu vyake havina mpinzani. Nimemwagiza vikombe sita kutoka kwenye vile alivyokwisha kukausha, achonge majina kabla ya kuvichoma. Cha kwanza, "Kikombe cha Mchungaji, cha kakao." Cha pili, "Kikombe cha Mzee Ambwene, cha kakao." Na kuendelea hadi benchi liishe.

Diana akauliza kwani Mchungaji huwa anasahau kikombe chake. Nikamweleza Wamaya. Akauliza hao wako upande wa Matema au upande wa Malawi. Nikasema mbali zaidi. Akasema vizuri, hawatakuja kulalamika.

Alhamisi, 7 Agosti

Jaribio la kwanza. Nimekaanga, nimemenya, nimetwanga kwenye kinu, nimetia maji moto na pilipili kichaa. Sukari hapana, Wamaya hawakutia. Eliud akaonja. Kisha akasema inamkumbusha dawa ya minyoo ya utotoni, ila ile ilikuwa na sababu.

Povu halikuja. Nikamimina nikiwa nimesimama. Halikuja. Nikapanda kigoda. Nimeungua mguu. Kuku mmoja alionja pale chini akaondoka kwa haraka.

Darasani nimeona haya. Mwalimu alisema Wamaya hawakuisha. Wapo, mamilioni, wanalima mahindi, wengi wao Jumapili wanakwenda kanisani. Mimi tangu Jumatatu nilikuwa nawaombea kama marehemu. Nimeanza upya, nimewaombea mvua.

Mwalimu alisema pia kwamba kwa masimulizi yao ya kale mtu aliumbwa kwa unga wa mahindi. Kisa akanyoosha mkono, akasema basi wa Kyela tuliumbwa kwa mchele. Darasa lote likacheka, na mwalimu pia. Ni lile lile la mchele. Anajiandaa.

Ijumaa, 8 Agosti

Nane Nane, sikukuu ya wakulima, hakuna darasa. Povu pia hakuna. Nimepiga kwa mwiko, kwa kifaa cha kupigia mayai, kwa kijiti cha kusokota kati ya viganja. Nimetembea kutoka jikoni hadi uani mpaka Eliud akaniuliza kama kuna msiba.

Kisa akapita. Akauliza ni nini kimeungua. Nikasema mahindi. Nimetubu kabla hajafika barabarani, kwa hiyo hilo limekwisha.

Kisha nikaenda kwenye sanduku la kuvundikia. Kakao niliyoiweka Jumanne, imelala chini ya majani ya migomba. Maji yake meupe yalikuwa yanachuruzika kwenye ndoo. Na kwenye ndoo, povu. Linachemka lenyewe bila moto, kama mtu mwenye jambo la kusema.

Nikaitazama ndoo. Ndoo ikanitazama.

Jumamosi, 9 Agosti

Sehemu mbili kakao ya kusaga, sehemu moja maji ya ndoo. Sukari kidogo, maana Wamaya hawakuwa na Eliud. Nikamimina kutoka juu. Povu likasimama vidole vitatu na likakataa kushuka.

Eliud akainusa. Akasema, mama Lusungu, hii ni kakao au ni kimpumu? Kimpumu ni pombe ya ulezi ya wazee wetu, na katika nyumba hii haijawahi kuingia. Nikamwambia mtu wa imani hanusi kwa mashaka. Akanywa. Akaomba tena. Nimelichukulia kama jibu la maombi.

Harufu naijua, siwezi kujidanganya humu ndani. Nimejiambia ni ya majani ya migomba.

Vikombe vimefika. Vizuri mno. Herufi zimekaa kama za Biblia.

Jumapili, 10 Agosti

Nitaandika haraka.

Ibada nzuri. Mchele wa Kisa ulitajwa mara tatu. Nikanyamaza kama Danieli kwa simba. Baada ya ibada, mezani pale uani, nikasimama juu ya benchi mbele ya ushirika wote na kumimina. Watu wakasema eeeh. Nikawaeleza kwamba hivi ndivyo Wamaya walivyowaheshimu wakubwa wao, na kwamba nimejifunza katika chumba kile pale. Nikanyoosha kidole kabisa. Mungu wangu, kwa nini nilinyoosha kidole.

Mchungaji alikunywa kidogo kwa adabu, ana vidonda vya tumbo. Mzee Ambwene alikunywa akasema ndaga, asante ya Kinyakyusa. Akarudi akasema ndaga fijo. Mara ya tatu alishikilia jagi mwenyewe.

Mzee Ambwene hajawahi kucheka tangu nimjue. Leo alianzisha wimbo kabla ya kwaya. Kwa sauti ya kwanza, ile ya wanawake, ambayo si yake. Alimwita Kisa binti yangu mpendwa. Alisimulia kuhusu ng'ombe wake aliyekufa zamani, na machozi yakamtoka. Kisha akalala katikati ya matangazo, kikombe kifuani, jina lake likitutazama.

Watu wengi walikuja kunishika mkono. Mchungaji amenitaja mara nne. Nimehesabu.

Jumatatu, 11 Agosti

Nilifika darasani wa kwanza. Mlango umefungwa kwa kufuli jipya. Wenzangu wakaja mmoja mmoja, tukakaa kwenye nyasi.

Mzee Ambwene ameamka na kichwa. Mkewe ameuliza maswali. Kijiji kizima kinaimba ule wimbo kwa sauti ya kwanza. Na wanasema kuna kikombe, kina jina lake, kinanuka, na hakijulikani kilipo. Maneno ya mdomo mtu hukanusha. Udongo uliochomwa je?

Ameita kikao cha wazee Ijumaa. Anasema mwalimu Godwin anafundisha watu miungu ya kigeni na upishi wa pombe ndani ya nyumba ya Bwana. Anataka darasa lifungwe na mwalimu aondoke. Mtihani wetu ni Novemba. Chumba kingine hakipo.

Godwin amesimama pale kwenye nyasi na chaki mkononi, akatuuliza kwa upole kama kuna anayejua kilichotokea. Nilitazama mawingu.

Mpango wangu ni huu. Lawama iende kwa Wamaya. Wako mbali, na ni watu wa kusamehe.

Jumanne, 12 Agosti

Nimekwenda kwa Mzee Ambwene. Nikamwambia ni mapishi ya Wamaya, mimi nilifuata tu. Akauliza kama Wamaya ndio waliomimina. Nikasema hapana. Akauliza kama Wamaya ndio waliochonga jina lake. Nikasema wao walianzisha. Akasema kwaheri. Chai haikutajwa.

Mpango wa pili, nilioupata njiani. Nimempigia Diana simu: kikombe kimoja haraka, umbo lile lile, kiandikwe "Kikombe cha Mzee Ambwene, cha uji." Nitakiweka mezani Ijumaa. Watu wataona uji. Diana alicheka mpaka simu ikakatika. Akapiga mwenyewe kuendelea kucheka.

Alhamisi, 14 Agosti

Kikombe cha uji kimefika, bado cha moto. Kile cha kwanza sijakipata. Nimetafuta uani mwa kanisa, kwenye migomba, kwenye jaa, nikipekua kwa mguu. Eliud aliniuliza natafuta nini. Nikasema sindano. Akasema kwa mguu?

Sikula. Nilikwenda nikachungulia dirisha la chumba chetu. Ubaoni bado lipo lile duara la mwalimu, kalenda ya Wamaya ya siku mia mbili na sitini. Pembeni nilikuwa nimeandika tarehe yangu ya kuzaliwa kwa mkono wangu, na mwalimu aliweka tiki. Tangu nizaliwe nina tiki chache. Mtu akija na kitambaa, inafutika.

Ijumaa, 15 Agosti

Kikao. Benchi la wazee, Mchungaji katikati, darasa zima tumesimama ukutani. Mimi nilikuwa kwenye benchi, mkoba mapajani, kikombe cha uji ndani ya mkoba.

Wakamwuliza Godwin kama alifundisha kupika pombe. Akasema katika somo lake hakukuwa na kuvundika, kulikuwa na kusaga na kumimina. Lakini akasema kama mwanafunzi wake amekosea, basi yeye hakueleza vizuri, na kosa aandikiwe yeye. Alisema akiangalia viatu vyake. Kiatu cha kushoto kimeshonwa kwa waya. Ni mtoto wa umri wa Lusungu wangu.

Mkono wangu ulikuwa kwenye mkoba. Ukakataa kutoka na kitu.

Nikasimama. Nikasema ni mimi. Nikasema maji ya sanduku la kuvundikia, sehemu moja kwa mbili, kwa sababu povu liligoma na Kisa alikuwa na mchele. Nikasema harufu niliijua tangu Jumamosi. Wamaya hawamo, na mwalimu hayumo. Nikakaa.

Mzee Ambwene akasema hata hivyo, chumba kifungwe.

Hapo Kisa akatoka ukutani. Akafungua kanga, akaweka kikombe mezani. Chenyewe. Alikiokota Jumapili alipokuwa anaosha vyombo. Akasema, shikamoo Mzee. Mimi nilikunywa viwili, na vilikuwa vitamu. Wewe ulikunywa vitatu, na jina ni lako. Kama anayefungiwa ni aliyekunywa, tuanze kuhesabu, benchi hili litabaki na Mchungaji na vidonda vyake.

Mchungaji akaanza kukohoa, akakohoa muda mrefu na uso kwenye leso.

Hukumu: darasa libaki, mwalimu abaki. Mimi nisikae benchi la wazee kwa miezi mitatu. Ni haki. Nimelia kidogo. Mzee Ambwene aliondoka na kikombe chini ya koti.

Jumamosi, 16 Agosti

Nimekwenda kwa Kisa kushukuru. Nilipiga magoti kabisa. Akaniinua, akasema yeye hawezi kubaki darasani bila mtu wa kumshinda. Tumekula ndizi. Tumesali pamoja. Nimeahidi mbele za Mungu kwamba sitashindana tena na mtu yeyote katika jambo lolote.

Jumatatu, 18 Agosti

Mlango wazi. Mwalimu amekagua tarehe za madaftari. Langu limejaa kuliko la Kisa, ingawa sitazami mambo hayo.

Tafakuri yangu ya mwisho juu ya Wamaya: ni watu walioheshimu walichokilima. Tangu jana tunakunywa kakao nyumbani, bila ndoo, na sukari. Eliud ameomba mara mbili. Na nimejifunza unyenyekevu. Nimemwambia Kisa kwamba kwa unyenyekevu sidhani kama ushirika mzima kuna wa kunifikia. Akasema tutaona.

Leo tumeanza Misri ya kale. Wafalme wao walijengewa makaburi ya mawe, chini mapana, juu yamechongoka, na hadi leo watu wanasafiri kwenda kuyaona. Sikuweza kukaa kwenye kiti. Kanisa letu halina mnara wa kengele. Mtu akiujengea ushirika mnara wa namna hiyo, wenye pembe nne, hiyo miezi mitatu haitaisha kabla benchi lile halijamrudisha. Kisa alikuwa bado ananakili ya ubaoni, hajawaza lolote.

Nimemwuliza Eliud yale matofali yetu ya kujengea choo ni mangapi. Amezima redio, ametoka nje, na sasa namsikia anayahamishia kwa jirani.