Lengo la Karakana Yangu

Jumatatu, 4 Machi
Mkuu wa chuo katuita ofisini, mimi wa useremala na shemeji wa ushonaji. Mkaguzi anakuja Ijumaa. Kila darasa liwe na lengo la wiki ubaoni, na wanafunzi walijue. Darasa lisilo na lengo litafungwa, chumba apewe mwenzake. Shemeji akaniuliza kwa upole karakana yangu ina madirisha mangapi. Dada wa mke wangu, huyo! Miaka kumi na moja nimemeza vumbi la mbao mle ndani.

Nimeandika: "Kuielewa mbao kwa mapana na marefu yake." Maneno mazito. Wanafunzi kumi na wanane wameyasoma, saba wakasinzia.

Jumanne, 5 Machi
Nimechungulia kwa shemeji. Ubaoni: "Ijumaa kila mmoja awe ameshona mfuko wa suruali wenye zipu." Basi. Hakuna hata neno moja la kitaalamu. Lakini kule hakuna anayeinua kichwa, cherehani zinanguruma tu. Kwangu wamekuja tisa.

Jumatano, 6 Machi
Akili ni nywele, kila mtu ana zake. Kosa nimeliona: watu huandika lengo asubuhi, wakati hawajui siku itaishaje. Mimi sasa naandika jioni. Wanafanya wapendavyo, kengele ikikaribia naandika walichofanya. Leo: "Kupinda misumari na kuvunja mpini mmoja wa nyundo." Limetimia asilimia mia.

Binti mmoja, tunayemwita Futi kwa kuwa futikamba haimtoki kiunoni, akauliza sasa asubuhi tunakuja kufanya nini, mwalimu. Nikamwambia avute subira, atajua jioni. Akanitazama kama mama anavyomtazama mtoto aliyekula sabuni.

Alhamisi, 7 Machi
Nimekuta ubaoni mwandiko wa Futi: "Kesho saa nne, droo ya meza ya mwalimu ifunguke kwa kidole kimoja." Droo hiyo imekwama miaka mitatu, miwani yangu imo humo. Nilitaka kufuta, sikupata upenyo. Wote kumi na wanane wamo. Huyu anapima, yule anapiga randa, wengine wanabishana kama kosa ni la unyevu au la fundi. Hakuna aliyeniuliza kitu. Kusema kweli niliumia. Nikaenda kunywa chai peke yangu.

Ijumaa, 8 Machi
Mkaguzi alitoka kwa shemeji akitabasamu. Kwangu akamchagua yule msinziaji mkuu, akamuuliza lengo la wiki. Kijana akajibu bila kusita, akaeleza na ubavu wa droo walioupunguza milimita tatu. Mkaguzi akavuta kwa kidole. Ikafunguka. Akasema karakana haifungwi.

Kisha akauliza nani aliandika lengo lile. Nikasema ni kazi ya pamoja. Darasa zima likamwangalia Futi.

Jumatatu, 11 Machi
Mkuu kaniita tena. Kuanzia leo malengo ya darasa langu ataandika Futi, mimi nitie saini tu. Akaniomba nisichukulie vibaya. Vibaya vipi? Wakubwa hawaandiki, husaini. Nimemweleza mke wangu kwamba nimepanda cheo, akacheka mpaka akakaa chini, kwa furaha bila shaka. Shemeji, maskini, bado anaandika yake kwa mkono wake mwenyewe. Namhurumia.